PS5 ninayo, kaka anarudi: gemu zipi za zamani tucheze kwa kupokezana pedi?

MtotoWaMakorora

Wakuu, salamu. Wiki iliyopita nimenunua PS5 iliyotumika, ile yenye mlango wa diski. Desemba kaka yangu mkubwa anakuja likizo kutoka Muscat, siku 21 tu, na nataka kila usiku baada ya isha tukae chini tucheze kama tulivyokuwa tukicheza Makorora, Tanga, mwaka 2006.

Mtaani kwetu kulikuwa na kibanda cha mabati, ndani televisheni mbili na PS2 mbili. Shilingi mia unacheza dakika kumi. Mara nyingi mia yetu ilikuwa moja, ya wote wawili, kwa hiyo tukawa na sheria: ukifa, pedi inahama. Kaka ndiye aliyekuwa mkali wa GTA San Andreas. Kazi yangu ilikuwa kushika daftari la hesabu ambalo kurasa za nyuma tuliandika chiti zote, yaani mipangilio ya siri ya vitufe inayokupa msaada ndani ya gemu. Mpaka leo vidole vinakumbuka: R1, R2, L1, X, kushoto, chini, kulia, juu, kisha mishale ile minne tena. Damu inajaa, fulana ya risasi inajaa, na dola 250,000 zinaingia. Kibanda kizima kilikuwa kinapiga kelele.

Sasa naomba ushauri wa gemu za zamani ambazo zikichezwa leo kwenye PS5 bado zina utamu wake, na ambazo watu wawili wanaweza kupokezana. Nina pedi moja ya PS5 na moja ya PS4. Diski zangu za PS2 bado ninazo kumi na moja, zimo kwenye boksi la viatu. PS5 itazisoma? Na ile San Andreas iliyotengenezwa upya, nasikia imeharibiwa, ni kweli? Bando langu ni la kuhesabu, kwa hiyo kama gemu ina diski, hiyo ndiyo naitaka.

FundiPediMwanza

Mkuu, nianze na boksi la viatu. PS5 haisomi diski za PS2, haisomi za PS1 wala PS3. Inasoma za PS4 na za PS5, basi. Zitunze tu, usizitupe.

Kuhusu pedi, hapa wengi wanakosea na kupoteza hela. Pedi ya PS4 inafanya kazi kwenye PS5 pale tu unapocheza gemu ya PS4. Ukiweka gemu ya PS5, inakataa. Gemu nyingi utakazotajiwa hapa zina diski za PS4, na diski ya PS4 iliyotumika ni rahisi kuipata kuliko ya PS5. Ukienda kununua, igeuze uiangalie kwenye mwanga wa jua, siyo wa taa ya dukani. Mistari myembamba siyo tatizo. Mkwaruzo unaozunguka kufuata duara la diski, hiyo iache.

San Andreas sasa. Ilikuja upya Novemba 2021 pamoja na GTA III na Vice City kwenye kifurushi kimoja, na kweli ilianza vibaya. Mvua ilikuwa nyuzi nyeupe mbele ya macho, barabara huioni. Ule ukungu wa mbali uliondolewa, ukipanda juu kidogo unaona ramani nzima, na nchi ile iliyokuwa kubwa ikawa kama uwanja. Rockstar, kampuni yenye gemu hiyo, waliomba radhi hadharani. Lakini Novemba 2024 ilitoka apdeti kubwa iliyorekebisha mengi. Ingia kwenye mipangilio, washa mwanga wa zamani, utaona lile anga la Los Santos, jiji la ndani ya gemu, la rangi ya machungwa limerudi. Apdeti hiyo inakula bando, usiikwepe, maana bila yake diski inakupa ile ya mwanzo. Baadhi ya nyimbo za redio hazimo, na mimi hilo bado linaniuma.

Kwa sheria yenu ya pedi kuhama, toleo hili linawafaa kuliko la PS2. Ukifeli misheni unairudia hapo hapo, huhitaji kuendesha tena gari kutoka mwanzo. Ile misheni ya treni, wewe kwenye pikipiki na Big Smoke nyuma akipiga risasi, mnaweza kupeana pedi mara kumi ndani ya nusu saa.

UmmiWaOldTown

Ndugu yangu, sikiza neno langu mimi wa Mombasa. San Andreas mtacheza, ni ya kumbukumbu. Lakini hizo siku 21 msiziache zipite bila Shadow of the Colossus.

Ilitoka PS2 mwaka 2005. Mwaka 2018 ikachorwa upya yote kwa ajili ya PS4, na diski ipo. Kijana mmoja, farasi mmoja jina lake Agro, nchi kubwa tupu, na majitu 16 ya kuua. Hakuna maadui wadogo njiani. Unainua upanga kwenye jua, miale inakusanyika na kukuonyesha upande wa kwenda, unapanda farasi, unaenda. Ukifika unaliona jitu kubwa kama nyumba ya ghorofa, manyoya mgongoni, na lazima ulipande. Ukishika manyoya nguvu za mkono zinapungua, zikiisha unaanguka.

Kwenye PS2 ilikuwa nzito. Ukiwa juu ya jitu picha inakwama kwama, kamera inakupinga. Nilikuwa naipenda vile vile, lakini mikono ilichoka. Ukiicheza leo kwenye PS5, ingia kwenye mipangilio uchague fremu 60 kwa sekunde, yaani mwendo laini, badala ya picha kali. Ukiruka, anaruka. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe, siyo nyasi nzuri.

Na tazama hesabu ilivyokaa: 16, nyinyi wawili. Nane zako, nane zake. Wewe chukua witiri, umwachie shufwa, kisha mtoe wa 13 kwenye hesabu mumcheze pamoja. Wa 13 ni kiumbe kirefu kama nyoka, chaelea juu ya jangwa. Unatunguliwa mifuko mitatu ya hewa kwa mishale huku farasi akienda mbio, kikishuka unasimama juu ya tandiko na kurukia pezi lake. Chenyewe hakikushambulii hata kidogo. Mimi nilipokimaliza nilizima televisheni nikakaa gizani, nikamwaza kiumbe yule kana kwamba nimemwonea kweli.

Nina mtoto wa miaka tisa, yeye simpi majitu. Tunacheza Crash Bandicoot ile ya 2017 yenye gemu zote tatu za mwanzo. Ukifa unatoa pedi, na kwa Crash mtakufa sana.

MtotoWaMakorora

Ummi, umenisomesha mpaka nimekiona kile kiumbe. Asante sana. Na "unatunguliwa" nadhani ulitaka kusema "unatungua", lakini nimekuelewa.

Fundi, kuna nyingine: Resident Evil 4. Mwaka ule tulifika kijijini, mzee wa msumeno akatukata shingo wiki nzima. Siku tuliyovuka tukaseva, kesho yake mtu kafuta memori kadi yote ili aseve mpira wake. Hatukurudi tena. Toleo jipya linafaa?

FundiPediMwanza

Linafaa mno. Ni la Machi 2023, lipo kwa PS4 na PS5. Zamani ukinyanyua bunduki miguu inaganda, ndiyo maana msumeno ulikuwa unawafikia. Sasa unalenga huku unatembea, na kisu kinaweza kuuzuia msumeno wenyewe, ila kisu kinachakaa, usikitegemee. Lina sura 16. Gaweni kama majitu ya Ummi. Watoto walale kwanza.

KipaMkongwe

Mmeongea yote mkaacha mpira! Watu wa kibanda bila Winning Eleven, yaani PES, gemu ya mpira? PES 6, Adriano anapiga mguu wa kushoto kutoka katikati ya uwanja, kipa anaingia na mpira wavuni. Timu yangu ya Master League, ile ligi ya kujenga timu yako mwenyewe, ya Castolo na Minanda, wachezaji wa kubuni, niliilea kama wanangu.

Bahati mbaya hiyo huipati kwenye PS5. Mpira una haki za majina, jezi na vilabu, na zikiisha muda gemu haiuzwi tena. Hata enzi zile Liverpool waliitwa Merseyside Red. eFootball ya sasa ni ya bure, lakini mdundo wa mpira ni mwingine.

Kwa hiyo mkuu, zile diski kumi na moja ndizo mali. Tafuta PS2 nzima, nunua waya wa plagi tano wa rangi kama televisheni yako ina matundu yake. Picha inakuwa safi kuliko ile ya plagi tatu. Kama haina, tafuta kigeuzi cha HDMI. Kisha kwenye televisheni washa hali ya gemu, maana za kisasa huchelewesha picha, unabonyeza pasi na mchezaji anaitoa baadaye. Angalia boksi, PES imo?

MtotoWaMakorora

Imo. PES 6, mkono wa kaka umeandika juu yake kwa kalamu nyekundu.

Nimepata diski ya Shadow of the Colossus leo Kariakoo, nimeitazama juani kama ulivyoagiza, safi. Nimemtumia kaka sauti kumweleza mpango wote. Amejibu kwa neno moja: daftari lipo? Lipo, mama alilifungia kabatini pamoja na vyeti vya shule. Fundi, zile chiti za vitufe bado zinakubali kwenye San Andreas mpya?

FundiPediMwanza

Nyingi zinakubali, na ile yenu imo, vitufe vile vile. Seva kwanza kabla ya kuziandika, maana ukitumia chiti hupati tuzo. Njoo na daftari.