Mliokuwa watoto wakati wa vita vya Kagera, nyumbani kulikuwaje?

Wakuu, nyie mliokuwa wadogo 1978/79 Mwalimu Nyerere anapigana na nduli Idi Amin wa Uganda, huku nyuma maisha yalikuwaje? Stori za mstari wa mbele tunazo nyingi.

binti_rocksiti: Mi nilikuwa Mwanza. Usiku taa zote zimezimwa, redio tu ndo inaongea, ukipiga kelele wakati wa taarifa ya habari RTD unakula kofi la baba. Halafu ile ndege ya Gaddafi wa Libya, rafiki yake Amin, ikaja ikatupa mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua swala, wakubwa wanatetemeka sie watoto tunauliza hiyo nyama inapelekwa wapi 😂

mhaya_asili: Afadhali yako dada. Sie tulikuwa ng'ambo ya mto Kagera, tumekimbia mama ana mtoto mgongoni na godoro kichwani, ng'ombe tukawaachia askari wa Amin. Siku chache tu daraja la Kyaka likalipuliwa.

babu_kariakoo: Dar vita tuliiona kwa malori kupungua, yamebeba askari. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 tukacheza mtaani weee, kumbe foleni za sukari na sabuni ndo zinanoga, Mwalimu anasema tufunge mikanda miezi 18, mi hata huo mkanda sina.