Utofauti wa jeni kwa nyoka: tulaumu enzi ya barafu au mashamba na barabara?

chatu_mdogo: Wakuu naomba msaada. Nasoma kuhusu jeni za nyoka, wengine wanasema uharibifu wa makazi ndo umepunguza utofauti, wengine wanasema hapana, ilishapungua tangu enzi ya barafu. Sasa ukikuta nyoka wa sehemu moja jeni zao zinakaribia kufanana, utajuaje chanzo ni kipi?

kijani_mti: Mara nyingi ni vyote viwili mkuu, ila kila kimoja kinaacha alama yake. Barafu ilipofika kilele, kama miaka 21,000 iliyopita, nyoka wengi wa Ulaya walibanwa kwenye maeneo machache yenye joto, ilipoyeyuka wale wachache wa ukingoni ndo wakasogea kaskazini, wajukuu zao wakasogea tena, na kila hatua kuna jeni zilibaki nyuma. Ndo maana unakuta eneo kubwa lina utofauti mdogo na majirani wanafanana. Makazi yakikatwa juzijuzi ni kinyume, makundi mawili yaliyo karibu kabisa yanaanza kuachana. Angalia nyoka njuga wa msituni (timber rattlesnake, yule mwenye sumu anayetikisa mkia ukalia) huko jimbo la New York, Marekani: kila baridi wanarudi kwenye mashimo yaleyale ya miambani, dume ndo linazunguka kiangazi kutafuta jike, barabara ikipita katikati linagongwa na jeni hazivuki.

mama_kobe: Naongezea, hasara inachelewa kuonekana. Jike la huyo nyoka njuga linakaa miaka mingi kabla ya kuzaa mara ya kwanza, na halizai kila mwaka, kwa hiyo msitu uliokatwa miaka 40 iliyopita kwake ni vizazi vichache tu. DNA inaweza bado kuonyesha picha ya zamani, watu wakadhani mambo shwari.

chatu_mdogo: Duh. Na ikishapungua, inarudi?

kijani_mti: Ukileta damu mpya, ndiyo. Kule Smygehuk, kusini mwa Sweden, kundi dogo la Vipera berus (nyoka mwenye sumu wa Ulaya) lilifungiwa na mashamba, wakawa wanazaana ndugu kwa ndugu, watoto wengi wanazaliwa wafu au wana kilema. Mwaka 1992 wakaletwa madume 20 kutoka kundi lingine, baada ya miaka michache idadi ikapanda sana. Ila usichukue nyoka popote tu, makundi yaliyotengana tangu enzi ya barafu yanaweza kuwa yameshazoea mazingira tofauti kabisa, hapo pima jeni kwanza.