Fereti wangu kaanza kulegea miguu ya nyuma, nikikata bima sasa hivi itanisaidia au nimechelewa?

mama_chiku
Habari zenu wapendwa, naombeni mawazo maana toka juzi sijapata usingizi. Nina fereti jike (wale wanyama wadogo warefu wa jamii ya vicheche wanaofugwa nyumbani) anaitwa Chiku, ana miaka minne na nusu, kahasiwa tangu mdogo, hajawahi kuumwa cha maana zaidi ya kuharisha siku mbili nilipombadilishia chakula. Juzi asubuhi nimemfungulia kizimba nikijua atatoka mbio kama kawaida yake akatafute soksi za kuiba, akabaki kakaa tu anaangalia ukuta, udenda unamtoka, namwita hata hageuki. Kuja kutembea miguu ya nyuma inaburuzika kama imekufa ganzi, halafu akawa anajikwaruza mdomo kwa mikono kama kuna kitu kimemkwama. Ilichukua kama dakika kumi hivi nikamsogezea chakula akala, nusu saa baadaye huyo anarukaruka.

Daktari wa karibu anatibu mbwa na paka, kaniambia wazi fereti hana uzoefu nao nitafute anayewajua. Namshukuru kwa kusema ukweli ila sasa nimebaki njia panda. Na bima sina. Kampuni ya kwanza niliyopigia inachukua mbwa na paka tu, ya pili inachukua fereti lakini kwenye fomu kuna swali "je mnyama amewahi kuonyesha dalili yoyote ya ugonjwa". Mume wangu anasema niandike hapana, kwani hakuna daktari aliyesema anaumwa nini. Mimi nasita. Mngekuwa nyie mngefanyaje?

babu_vicheche
Pole sana mwanangu. Mimi nimefuga hawa viumbe miaka mingi, wanne nimewazika mwenyewe, kwa hiyo ninachokuandikia nimekiona kwa macho. Bima iache kwanza, tafuta daktari wa fereti leo, usingoje wiki ijayo.

Hayo uliyoeleza, kukodolea ukuta, udenda, kukwaruza mdomo, miguu ya nyuma kulegea halafu akila anarudi kawaida, kwa fereti wa umri huo mara nyingi ni sukari imeshuka, na kinachoishusha ni vivimbe kwenye kongosho vinavyomwaga insulini (ile homoni inayoshusha sukari) bila mpangilio, wanaita insulinoma. Watu wengi wakisikia sukari wanafikiria kisukari kumbe hii ni kinyume chake kabisa. Siwezi kusema ndiyo yenyewe bila kipimo ila ndicho kitu cha kwanza cha kuangalia. Watampima damu, sukari ikiwa chini ya 70 kwa kipimo cha mg/dL wanaanza kuwa na shaka. Kawaida wanataka awe hajala masaa machache, lakini USIMFUNGISHE mwenyewe nyumbani, huyu ameshaonyesha dalili, chakula kinapita tumboni mwao kwa masaa matatu manne tu kwa hiyo ukimnyima usiku kucha unaweza kumkuta na degedege asubuhi. Daktari atakwambia afunge muda gani, ikibidi afungie palepale kliniki.

Ikitokea tena kabla hujafika, chukua asali kidogo kwa kidole umpake kwenye fizi, kidogo tu, kama meno yamekazana kwa degedege usiingize kidole ndani, paka kwa nje ya fizi kwa pamba. Akizinduka mpe nyama au chakula chake mara moja, kwa sababu sukari peke yake inachokoza ile kongosho imwage insulini zaidi na baada ya muda anaanguka upya. Kuanzia sasa matunda, zabibu kavu, biskuti, hata kipande, hapana. Huyu ni mla nyama asilia.

Wa kwangu wa tatu alikuwa na hii hii. Alitumia prednisolone, dawa ya steroidi inayosaidia kupandisha sukari, dozi ikawa inapandishwa kidogo kidogo, nikaishi naye mwaka na miezi minne baada ya kugundulika, na alikula vizuri mpaka wiki ya mwisho. Wapo wanaofanyiwa upasuaji kutoa vivimbe, inawapa nafuu ingawa mara nyingi vinarudi.

dada_mapokezi
Mama Chiku pole, nafanya kazi mapokezi kwenye kliniki ya wanyama na fomu za bima ndizo kazi yangu kila siku, kwa hiyo nijibu hapo penye bima.

Usiandike hapana, tafadhali. Swali lao linauliza DALILI, halikuuliza ugonjwa uliopewa jina. Ukidai malipo kitu cha kwanza wanachoomba ni faili lote la mnyama, na yule daktari wa mbwa na paka uliyempelekea naye kaandika, "mwenye mnyama anasema miguu ya nyuma ililegea", na tarehe ipo. Nimeshaona mteja amelipia miezi minane halafu dai likakataliwa kwa sentensi moja ya namna hiyo kwenye faili, na mkataba wote ukafutwa. Alilia pale kaunta mpaka na mimi nikashindwa kujizuia. Na msituombe tubadilishe faili, hatuwezi.

Ukiandika ukweli kitakachotokea ni kwamba kongosho na yote yanayohusiana nayo watayaweka nje ya mkataba. Inauma lakini bado mengine yanabaki. Fereti wana matatizo ya tezi za adrenali (zile ndogo zilizo karibu na figo), manyoya yanaanza kukatika mkiani yanapanda mgongoni, kwa madume tezi dume inavimba mpaka mkojo unaziba na hiyo ni dharura ya usiku huo huo. Wana saratani ya limfu. Wanameza vipande vya raba utumbo unaziba, operesheni. Kwa hiyo uliza maswali haya kabla hujasaini: umri wa mwisho wa kumwandikisha (wengi wanafunga mlango mapema kwa fereti, na yeye ana minne na nusu), muda wa kungoja kabla bima haijaanza kufanya kazi, kikomo cha malipo ni kwa mwaka au kwa kila ugonjwa, na je ugonjwa sugu unalipiwa mwaka unaofuata au mkataba ukiisha nao unahesabika ugonjwa wa zamani usiolipiwa. Hilo la mwisho ndilo linalowaumiza watu. Uliza pia kama wanamlipa daktari moja kwa moja maana nyingi unalipa wewe kwanza ndio unarudishiwa, na sehemu fulani inabaki yako.

Na chanjo. Haimo kwenye malipo ya bima nyingi lakini ukiiruka wanaweza kukataa dai. Distempa ya mbwa, ugonjwa wa virusi, ikimpata fereti ambaye hajachanjwa ni nadra sana kupona.

mfuga_sungura
Mimi sina fereti nina sungura ila kilio ni kimoja. Kwa hali ya Chiku ningeachana na bima, ile pesa ya kila mwezi ningeiweka kwenye akaunti ya pembeni isiyoguswa, kwa sababu kitu atakachotibiwa ndicho wasichokilipia. Sungura wangu aliacha kula ghafla utumbo ukasimama, akiba ndiyo ilimwokoa, sikujaza fomu hata moja.

dada_mapokezi
@mfuga_sungura kwa Chiku nakubaliana na wewe nusu. Akiba ya miezi miwili haitoshi operesheni, na hawa hawakupi notisi. Kama ana uwezo afanye vyote, kama hana basi akiba kwa Chiku, na mnyama mwingine akija amkatie bima wiki ile ile anaingia nyumbani, faili likiwa jeupe.

mama_chiku
Wapendwa nimerudi. Nilipiga simu kliniki sita nikiuliza swali moja tu, mmetibu fereti wangapi mwaka huu, ya tano ndio daktari mwenyewe akashika simu akaanza kuniuliza kinyesi cha Chiku kikoje, nikajua huyu anawajua. Alifungishwa masaa matatu palepale, sukari ikasoma 52. Kaanza prednisolone asubuhi na jioni, na nampa chakula kila baada ya masaa machache, naweka alamu hata usiku.

Kwenye fomu nimeandika yote na tarehe zake, mume wangu kaisoma kakubali. Bado hawajajibu. Na babu asante, asali ipo kwenye kichupa kidogo juu ya kizimba, na kingine kwenye mkoba. Leo asubuhi kaiba soksi ya kushoto kaificha chini ya kochi, nimeiacha huko huko.