R9 inawaka ndani ya seli lakini siRNA haifanyi kazi: tatizo liko wapi?

mpiga_pipeti (Ubungo)

Habari za jioni wakuu. Nina peptidi ya R9, yaani arijinini 9 zilizofuatana, naitumia kuingiza siRNA (kipande kifupi cha RNA kinachonyamazisha jeni) ya kunyamazisha jeni ya GAPDH kwenye seli za HeLa, zile za saratani zinazokuzwa maabara. Pleti ni ya vishimo 24, ujazo wa mwisho maikrolita 500, siRNA nanomola 100, N/P 5 (yaani chaji chanya 5 za peptidi kwa kila fosfati moja, chaji hasi, ya siRNA). Peptidi ilikuja miligramu 1 ya unga. Nikachukua uzito wa molekuli 1423, nikaweka maji maikrolita 703, nikahesabu nina milimola 1. Nachanganya na siRNA ndani ya PBS (bafa yenye chumvi), nusu saa mezani, kisha juu ya seli zikiwa na midia yenye seramu asilimia 10.

Kwa picha natumia R9 iliyobandikwa FITC, rangi inayong'aa kijani. Nikifiksi kwa methanoli seli zote ni kijani, hadi kiini kinawaka. Lakini qPCR (kipimo cha kiasi cha mRNA) ya saa 24 inaonyesha mRNA ya GAPDH iko palepale, sawa na kishimo cha siRNA feki isiyolenga jeni yoyote. Kama peptidi inafika mpaka kwenye kiini, siRNA inapotelea wapi? Niongeze dozi au nibadili peptidi?

chumvi_na_chaji

Usiongeze chochote kwanza mkuu, maana hiyo milimola 1 huna.

Peptidi ikitoka kusafishwa kwa HPLC huja na trifluoroasetati, TFA. Kila arijinini imeshikana na TFA moja, na ncha ya mwanzo ikiwa wazi nayo inachukua moja. R9 inabeba TFA 10. Kila moja ni 114, jumla 1140. Kwa hiyo molekuli uliyopima kwenye mizani ina uzito wa 2563 hivi, na peptidi yenyewe ndani yake ni asilimia 55 au 56. Hapo bado hujatoa unyevu. Kwenye peptidi ya kawaida yenye chaji chache kosa hili ni dogo na watu hulipuuza. Kwenye arijinini tupu linakula karibu nusu ya dozi. Tazama cheti kilichokuja na kichupa: usafi wa asilimia 95 ni wa HPLC, unakwambia tu kwamba peptidi nyingine hazimo. Kiasi halisi cha peptidi ni namba tofauti, na mara nyingi hadi uiulize ndipo upewe.

Sasa N/P. siRNA ya nukleotidi 21 kila upande, bila fosfati kwenye ncha ya 5', ina fosfati 40. Nanomola 100 ndani ya maikrolita 500 ni pikomoli 50, sawa na nanomoli 2 za chaji hasi. Kwa N/P 5 unahitaji nanomoli 10 za chaji chanya, gawa kwa 9, unapata nanomoli 1.11 za R9. Wewe ukavuta maikrolita 1.1 ukidhani zimo. Zilikuwemo kama 0.62. N/P yako ya kweli ni 2.8, tena bila kuhesabu makosa ya kuvuta maikrolita 1 kwa pipeti.

Usijaribu kuhakiki R9 kwa kusoma mwanga wa nanomita 280, haina kitu cha kunyonya mwanga pale. Ukiagiza tena, omba triptofani moja mwishoni: maikromola 100 itakupa usomaji wa 0.55 kwenye njia ya sentimita 1. Gharama inaongezeka kidogo tu, na unaacha kubahatisha.

Jambo la pili ni PBS. Chumvi ile inafunika chaji, vipande vinavyobeba siRNA vinagongana na kushikana, vinakuwa mabonge. Mabonge yanatulia juu ya seli, yanang'aa vizuri, yanaua seli chache, basi. Changanya kwenye HEPES milimola 10, pH 7.4, yenye glukosi asilimia 5.

Kwa kishimo kimoja, N/P 10: weka bafa hiyo maikrolita 25.5, siRNA ya maikromola 20 maikrolita 2.5, halafu R9 ya maikromola 100 (iliyohesabiwa upya) maikrolita 22, kwa mkupuo mmoja, na uchanganye hapohapo. Ukiidondosha kidogo kidogo, siRNA ya kwanza inashiba peptidi na ya mwisho inakosa. Dakika 20 hadi 30, sio zaidi. Kisha maikrolita 450 za Opti-MEM (midia isiyo na seramu), mimina, acha saa 4, ongeza maikrolita 500 za midia yenye seramu asilimia 20 ili mwisho wake iwe 10. Seramu mapema ina balaa mbili: albumini yenye chaji hasi inagombea peptidi yako, na vimeng'enya vya aina ya tripsini vinakata palepale baada ya arijinini. Peptidi yako yote ni arijinini.

jicho_la_hadubini

Nakubaliana na mkuu wa juu, ila hiyo picha nayo isipite hivihivi. Methanoli ndiyo inayokudanganya.

Peptidi yenye chaji chanya nyingi hunata nje ya utando, kwenye heparani salfeti, minyororo ya sukari yenye chaji hasi. Ukitoboa utando kwa methanoli, ile iliyonata nje inaingia na kukimbilia DNA na RNA, ambazo ni hasi. Unaona kiini kinawaka na unafurahi, kumbe imeingia seli ikiwa imeshakufa. Uwanja huu wote uliyumba kwa sababu hiyo. Protini ya Tat ya HIV ilionekana kuingia seli yenyewe mwaka 1988, na kwa miaka mingi iliaminika kwamba vipande vyake hupenya utando moja kwa moja, hata kwenye baridi. Mwaka 2003 ikaonyeshwa kwamba hata kufiksi kwa upole kunahamisha peptidi, na kazi nyingi zikabidi zirudiwe kwa seli hai.

Tena fikiri: hata kama kweli ingefika kwenye kiini, ingekusaidia nini? siRNA kazi yake kubwa iko saitoplazimu, kwenye RISC, mashine ya protini inayoitumia siRNA kukata mRNA. Kiini kinachowaka si ushahidi wa unachokitafuta.

Fanya hivi. Seli hai, bila kufiksi. Osha mara tatu kwa PBS yenye heparini yuniti 20 kwa mililita, ivue peptidi ya nje. Kama unapeleka kwenye saitometa, tripsini dakika 5 kwa nyuzi 37 inaondoa iliyobaki. Kwenye hadubini unaweza kuongeza tripani bluu, inazima FITC ya nje lakini haiingii kwenye seli nzima. Nabashiri utaona nukta nukta kuzunguka kiini, na katikati giza. Nukta hizo ni endosomu, vifuko ambavyo seli humezea vitu vya nje.

Na FITC hufifia kwenye asidi. Ndani ya endosomu ya pH 5 hivi inabaki kivuli tu cha mwanga wake, kwa hiyo nukta utakazoziona ni chache kuliko zilizopo. Rangi nyingine, TAMRA au Cy5, hazisumbuki na pH. Hasara yake ni kwamba zina mafuta zaidi na zenyewe zinasaidia peptidi kunata kwenye utando, kwa hiyo usilinganishe peptidi mbili zenye rangi tofauti.

mpiga_pipeti (Ubungo)

Asanteni sana wakuu. Nimerudia kwa seli hai na heparini: ni nukta tupu, kiini cheusi kama ulivyosema. Nimerekebisha hesabu pia, sasa ni N/P 10 ndani ya HEPES na glukosi. mRNA imeshuka kidogo sana, ndani ya makosa ya qPCR. Nitajuaje kama imekwama kwenye endosomu au siRNA yenyewe ni mbovu?

dada_jeli

Usikisie kaka, hayo ni maswali matatu na kila moja lina jaribio lake.

siRNA ni nzima? Iingize kwa Lipofectamine RNAiMAX (kibebeo cha mafuta cha dukani), nanomola 10. GAPDH isiposhuka hapo, peptidi haina kosa. Kagua siRNA, praima, na jeni unayolinganishia. Jaribio hili lilitakiwa liwe la kwanza kabisa, kabla hata hujafungua kichupa cha R9.

siRNA imefungwa na peptidi, na inaweza kufunguka? Jeli ya agarosi asilimia 2, pikomoli 20 za siRNA kwa kila kisima, N/P 0, 1, 2, 5, 10, 20. Usiweke rangi ya kupakilia yenye SDS, inavunja kifungo. Tumia gliseroli tupu, na rangi iweke kwenye kisima cha pembeni kisicho na sampuli uone mwendo. Kadiri N/P inavyopanda bendi ya siRNA huru inafifia, kisha inapotea. Lakini kuwa makini: peptidi inaweza kuizuia ethidiamu, rangi inayoonyesha bendi, isiingie kwenye siRNA, ukadhani siRNA imeoza. Ndiyo maana unaandaa seti ya pili ileile na kuiongezea heparini kwa viwango, miligramu 0.1, 0.5 na 1 kwa mililita, dakika 15 kabla ya kupakia. Bendi ikirudi, siRNA ilikuwepo na inaachika. Isiporudi hata kwenye heparini nyingi, umeifunga mno, na ndani ya seli haitaachika pia. Watu hudhani N/P kubwa ni salama zaidi. Kupita kiwango fulani unajenga jiwe.

Imekwama kwenye endosomu? Klorokwini. Hii tuliyoizoea kwa malaria mpaka ilipoondolewa kwenye matibabu ya kwanza mwaka 2001 ina kazi nyingine maabara: inajikusanya ndani ya endosomu, inapandisha pH, endosomu inavimba na kupasuka. Tumia unga safi wa maabara. Vidonge vina wanga na vijazo vingine, usivisage. Klorokwini fosfeti miligramu 5.16 kwenye mililita 1 ya maji ni milimola 10. Weka maikrolita 5 kwenye kishimo chenye maikrolita 500, upate maikromola 100. Iweke pamoja na mchanganyiko wa peptidi, na baada ya saa 4 iondoe kabisa, maana inaua. Lazima uwe na kishimo cha klorokwini na siRNA feki, la sivyo utahesabu seli zinazokufa kama jeni iliyonyamaza.

GAPDH ikishuka na klorokwini tu, jibu unalo: inaingia lakini haitoki.

mpiga_pipeti (Ubungo)

RNAiMAX inashusha GAPDH vizuri, jeli iko sawa na heparini inairudisha bendi. Klorokwini nimeijaribu leo: inashuka zaidi ya nusu. Bila klorokwini, hakuna. Basi nibadili peptidi?

chumvi_na_chaji

Badili. R9 tupu ni mpagazi mzuri wa kufikisha mzigo mlangoni, ila kufungua mlango hajui. Klorokwini ni kipimo tu, huwezi kuifanya sehemu ya tiba kwa maikromola 100.

Njia ya bei nafuu ni steariki kwenye ncha ya mwanzo: stearyl-R8. Mkia wa kaboni 18 unaiegemeza peptidi kwenye utando wa endosomu. Chaji zake ni 8, kwa hiyo N/P 1 ni peptidi 5 kwa siRNA 1. Nyingine ni PepFect14, nayo ina steariki, lakini chaji zake 5 tu (ornithini 4 na laisini 1) zimepangwa katikati ya leusini nyingi. Hapo acha kufikiri kwa N/P, pima uwiano wa peptidi kwa siRNA, anzia 10 hadi 40. Wazo la klorokwini lenyewe limeshaingizwa ndani ya peptidi pia: PepFect6, ya mwaka 2011, ina vipande vya jamii ya kwinolini vilivyobandikwa humohumo, vifanye kazi ya klorokwini pale tu peptidi ilipo.

Ukiwa na mkia wa mafuta, sumu inakuja haraka zaidi. Pima LDH (kimeng'enya kinachovuja utando ukitoboka) kwenye midia baada ya saa 1, halafu MTT (kipimo cha uhai wa seli) ya saa 24. MTT peke yake haikwambii kama utando ulitoboka mwanzoni ukaziba.

dada_jeli

Nyongeza za hapa kwetu, kwa sababu maelekezo yanayokuja na kichupa yameandikwa na watu wa baridi. "Joto la chumba" kwao ni nyuzi 20 hadi 25. Mwezi wa pili hapa Dar, AC ikizimika, meza yako iko 32, na mabonge yanakua haraka. Tumia bloku ya tyubu iliyowekwa 25. Kichupa kikitoka kwenye friza usikifungue kikiwa cha baridi. Kiache dakika 30 kimefungwa, ukiona jasho nje lifute, ndipo ufungue. Unga wa peptidi yenye TFA unavuta unyevu mpaka unanata ukutani, na mizani yako imeshaharibika. Ukishaiyeyusha, igawe maikrolita 20 kwa kila tyubu, tyubu zisizonasa peptidi kirahisi (low-bind), za plastiki na si kioo. R9 ya maikromola chache inanata kwenye kioo na unabaki unavuta maji tu.

Maji yawe yasiyo na RNase, vimeng'enya vinavyokata RNA. Yale ya betri ya Kariakoo yanatosha kwa wota bathi tu. Kuyachemsha kwenye otoklevu hakutoshi kuua RNase. Weka DEPC (kemikali inayoharibu RNase) asilimia 0.1 usiku kucha, ndipo otoklevu. Ila usiiweke DEPC kwenye Tris, wala kwenye HEPES. Bafa itengeneze kwa maji ambayo yameshatibiwa.

Umeme ukikatika, peptidi kavu inavumilia siku kadhaa, iliyoyeyushwa haivumilii. Kwa hiyo yeyusha ya wiki mbili tu.

jicho_la_hadubini

Na kama lengo lako la mbele ni kurekebisha splaisi (ukataji na uungaji wa RNA ndani ya kiini) na si kunyamazisha jeni, achana na siRNA, nenda PMO, kipande cha kutengenezwa kinachofanana na DNA. Haina chaji, kwa hiyo unaiunga na peptidi moja kwa moja bila chaji hasi kuimeza. siRNA ikiungwa hivyo, fosfati 40 zinazima arijinini 9 na peptidi inakuwa mapambo. Kwa PMO tumia seli za HeLa pLuc705: lusiferasi yake inawaka tu pale mzigo unapofika kwenye kiini na kufanya kazi. Hapo mwanga una maana.

mpiga_pipeti (Ubungo)

Nimeelewa. Naagiza stearyl-R8 yenye triptofani moja, na nitawaomba waniandikie kiasi halisi cha peptidi kwenye cheti. Je, TFA niombe ibadilishwe kuwa kloridi?

chumvi_na_chaji

Kwa HeLa na dozi hii si lazima. Ukifika kwenye seli za msingi (zilizotolewa moja kwa moja mwilini) au panya, ndiyo, maana TFA yenyewe inaweza kuzisumbua seli. Asetati au kloridi zote zinafaa, ila hesabu ya uzito uirudie: asetati ni 60, kloridi ni 36.5, na ile asilimia 55 uliyoizoea haifai tena.