Slaidi ufukweni: Velvia 50, Provia 100F au Ektachrome E100?

mchanga_mweupe:
Wakuu, nataka kupiga slaidi (filamu inayotoa picha yenyewe, si negativu) Paje, Zanzibar: watu, ngalawa, mchanga, jua la saa nne asubuhi. Nichukue filamu ipi kati ya hizo tatu? Na je, E-6 (njia ya kusafisha filamu za slaidi) ya pakiti ya dawa tatu inafanyika nyumbani, chumba kikiwa na nyuzi 30?

kipimamwanga:
Kama kuna watu, Velvia iache. Inakoleza wekundu hadi nyuso zinaonekana zimeungua, na vivuli vinaziba kuwa weusi mtupu. Ibaki kwa ngalawa na machweo. Provia na E100 zote zimetulia; chukua unayoipata ikiwa imetunzwa kwenye friji.

Kazi hasa iko kwenye kupima mwanga. Negativu inasamehe, slaidi haisamehi: ikizidi stopu moja tu (yaani mwanga mara mbili), mchanga unageuka plastiki tupu. Kipimamwanga hudhani mchanga mweupe ni kijivu, kwa hiyo pima mchanga wenyewe halafu ongeza stopu 1½, usipite 2. Bila kipima, filamu ya ISO 100 kwenye jua kali ni tundu la lenzi f/16 kwa sekunde 1/125. Uso mweusi mbele ya mchanga huo utazama gizani. Msogeze mtu kivulini, mahali mchanga unapomrudishia mwanga, upime uso, na nyuma yake pasiwe na jua.

dawa_ya_kwanza:
Mkuu, joto la chumba linakusaidia, maji hayapoi haraka. Weka chupa na tangi kwenye beseni la maji ya nyuzi 39 au 40 hadi dawa ya kwanza isome 38. Hapo tofauti isizidi 0.3, kwa sababu dawa hiyo ndiyo inayoamua slaidi iwe nyeusi au nyeupe. Muda fuata karatasi ya pakiti, kwa kawaida dakika 6 na kitu. Ukitaka kuisukuma stopu moja (kama uliipiga kwa nusu ya mwanga unaotakiwa), ongeza dakika 2 hapo tu.

Ikitoka nyeusi, dawa ya kwanza ilikuwa baridi, imechoka, au muda haukutosha. Ikitoka imepauka, joto au muda ulizidi. Hayo hayarekebishiki. Ila ikiwa na utusiutusi wa matope, huenda ni fedha iliyobaki: irudishe kwenye dawa ya kupausha na kukaza, kisha uioshe upya. Tone la dawa hiyo lisiingie kwenye ya kwanza. Kila moja iwe na faneli yake.

mchanga_mweupe:
Na nikiitoa majini ikaonekana kama ina maziwa?

dawa_ya_kwanza:
Kawaida hiyo. Usiihukumu mpaka ikauke kabisa.