Nani kawaambia televisheni Tanzania ilianza 1994? Mjukuu wangu kakoseshwa kwa kusema kweli

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sitaificha.

Jumatano mjukuu wangu, yuko darasa la sita hapa Dar es Salaam, karudi na karatasi ya jaribio. Swali la kumi na nne: "Kituo cha kwanza cha televisheni nchini Tanzania kilianza mwaka gani?" Majibu manne: A 1961, B 1985, C 1994, D 2000. Mtoto hakuzungushia herufi hata moja. Pembeni, kwa penseli, kwa ule mwandiko wake wa kulala, kaandika: "Zanzibar 1973." Mwalimu kampiga kosa kwa kalamu nyekundu, kalikandamiza mpaka karatasi imetoboka. Kumi na tisa kwa ishirini.

Nikamuuliza, mbona hukuchagua? Akaniangalia kama vile mimi ndiye niliyemtia kwenye matatizo. "Babu, si wewe uliyeniambia? Na jibu lenyewe halimo."

Halimo kweli. Nimelisoma swali lile mara tatu. Halimo.

Alhamisi asubuhi nikaenda skuli. Sikwenda kwa ugomvi, nilivaa kanzu yangu safi, nikakaa kwenye benchi nikasubiri mapumziko. Mwalimu ni kijana, ana adabu, kanipokea vizuri. Nikamweleza. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema: "Mzee wangu, hiyo ni ya Zanzibar. Hapa tunazungumzia Tanzania."

Wakuu, rudieni kuisoma hiyo sentensi. Mimi nilimwomba airudie, na akairudia vilevile bila kuona tatizo. Mkuu wa skuli naye akaniambia mwalimu kafuata kitabu, tusimlaumu. Jina la skuli silitaji, na wala kosa si lao peke yao. Maneno hayohayo nimeyasikia redioni, nimeyasikia msibani, na humu jukwaani nimeyasoma zaidi ya mara moja: "televisheni iliingia Tanzania 1994." Watu wanayasema kama wanavyosema jua linachomoza mashariki.

Sasa nisikilizeni.

Televisheni ya Zanzibar, TVZ, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitabu vingi vinaandika 1973. Wazo lilikuwa la Mzee Abeid Amani Karume. Yeye hakuiona ikiwaka, maana aliuawa Kisiwandui tarehe 7 Aprili 1972, na aliyeikamilisha ni Mzee Aboud Jumbe, aliyemrithi. Fedha za visiwa wakati ule zilikuwa za karafuu. Kwa hiyo nikisema TVZ ilitoka kwenye jasho la wachuma karafuu, sipambi maneno. Mama zetu na shangazi zetu walikaa chini wakichambua vikonyo mpaka vidole vikawa vyeusi.

Na haikuwa televisheni ya nyeusi na nyeupe. Ilikuwa ya rangi. Ndiyo ya kwanza ya rangi katika Afrika yote kusini mwa Sahara. Kenya walikuwa na televisheni tangu 1962 na Uganda tangu 1963, hilo tuwape haki yao, lakini walianza na nyeusi na nyeupe. Uingereza, waliotutawala, walianza kurusha rangi mwaka 1967 tu. Afrika Kusini, pamoja na dhahabu yao yote, serikali yao iliiogopa televisheni na kuizuia miaka na miaka, wakaja kuanza rasmi Januari 1976. Kisiwa chenye watu wachache kuliko wilaya moja ya Dar es Salaam ya leo kiliwatangulia wote hao wa Afrika kwa rangi. Halafu mtoto akiliandika hilo kwenye karatasi, anakoseshwa.

Mimi nilikuwepo. Nilikuwa mtoto wa miaka minane au tisa, tunakaa Michenzani. Kwetu TV hatukuwa nayo, ilikuwa kwa jirani ghorofa ya juu, Bi mmoja Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye hakuwahi kutufukuza. Ilikuwa sanduku la mbao lenye milango miwili midogo kama kabati, juu yake kitambaa cheupe cha kufuma. Viatu tunavirundika mlangoni, tunakaa kwenye mkeka, wakubwa nyuma kwenye viti. Kabla ya matangazo kuanza jioni kulikuwa na mistari ya rangi imesimama kimya, na sisi tulikuwa tunaiangalia hiyo mistari. Tulikuwa radhi kuiangalia hata nusu saa. Siku moja akatokea mwanamke kavaa kanga nyekundu, na Bi akainuka kwenye kiti, akasogea mpaka karibu na kioo, akasema, "Hii ninayo!" Akaingia chumbani akatoka na ya kwake, akaishika pembeni ya TV ili sote tuone kuwa nyekundu ni ileile. Nina zaidi ya miaka sitini sasa na hilo sijalisahau. Mtu ananiambia siku hiyo haimo kwenye historia ya nchi yangu?

Najua yatakayofuata, maana nimeshayasikia, kwa hiyo niyajibu mapema.

Kuna atakayesema TVZ haikuwa ya Muungano. Sawa. Utangazaji haumo kwenye orodha ya mambo ya Muungano, haukuwemo tangu mwanzo na haumo leo. Ndiyo maana bara kulikuwa na Redio Tanzania Dar es Salaam na visiwani kulikuwa na Sauti ya Tanzania Zanzibar, kila mmoja na yake. Ndiyo maana mpaka leo Zanzibar ina Tume yake ya Utangazaji. Lakini kwa hesabu hiyohiyo vituo vilivyoanza Dar es Salaam mwaka 1994 navyo si vya Muungano! Vilipewa ruhusa chini ya sheria ya utangazaji ya 1993, ambayo ni ya bara. Sasa iweje cha bara kiitwe cha Tanzania na cha Zanzibar kiitwe cha Zanzibar? Nani kaweka mizani hiyo?

Kuna atakayesema haikuonekana bara. Huyo aende kuwauliza wazee wa Dar es Salaam, Bagamoyo na Tanga. Miaka ya 1980 mjomba wangu alikuwa akiishi Ilala. Alifunga mabomba ya chuma mawili, moja juu ya jingine, juu kabisa kaweka antena kaielekeza Unguja. Kuna usiku picha ilikuwa safi kama uko Darajani, na kuna usiku ilikuwa chenga tupu, mtoto mmoja anatumwa nje kuzungusha bomba na mwingine amesimama dirishani anapiga kelele: "Hapohapo! Umepitisha! Rudisha!" Mtaa mzima walikuwa wanakuja kwake. Televisheni waliyokuwa wakiitazama hao watu wa Ilala, wakati bara haina hata kituo kimoja, ilikuwa ipi? Na tukisema kituo si cha Tanzania mpaka kionekane nchi nzima, basi vile vya 1994 navyo tuvifute, maana vilipoanza havikuvuka Dar es Salaam kwa mbali. Mtu wa Kigoma wala Songea hakuviona.

Naomba nisieleweke vibaya kuhusu hao wa 1994. Vituo vya CTN, DTV na ITV vilifanya kazi kubwa. Mwalimu Nyerere aliona televisheni ni anasa ya watu wa mjini kwa nchi yenye vijiji visivyo na maji, na alikuwa na hoja yake, kwa hiyo bara ilisubiri miaka zaidi ya thelathini baada ya uhuru. Waliokuja kufungua mlango ule walistahili kupigiwa makofi na mimi nilipiga. Serikali yenyewe kwa upande wa bara ilichelewa zaidi, Televisheni ya Taifa, TVT, imekuja karibu na mwaka 2000, ikaunganishwa na redio chini ya Taasisi ya Utangazaji Tanzania, TUT, ndiyo hiyo leo TBC. Yote hayo yafundishwe. Lakini yafundishwe kwa jina lake: televisheni ya kwanza Tanzania Bara. Neno moja tu, "Bara". Kalamu ya mwalimu isingepungua wino.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba hata jina lenyewe limeondoka. Mwaka 2013 TVZ na Sauti ya Tanzania Zanzibar ziliunganishwa zikawa Shirika la Utangazaji Zanzibar, ZBC. Sina neno na kuunganisha. Ila kijana aliyezaliwa baada ya hapo hajui TVZ ni nini, na wazazi wake wengine hawajui pia. Waliokuwa mafundi, wapiga picha, wasomaji wa habari wa miaka ile wanaondoka mmoja mmoja. Mwezi uliopita nilizika mmoja wao. Watu kaburini walimsifu kwa uvuvi alioufanya uzeeni. Hakuna aliyesema kwamba mkono ule uliwahi kushika kamera ya rangi wakati karibu Afrika yote haina.

Sasa ninachotaka, na nakitaka hasa kwa walimu na watunga mitihani mliomo humu, maana najua mmo. Nendeni kwenye hivyo vitabu mnavyofuata, angalieni ukurasa huo, na kama umeandikwa hivyo, andikeni kwa wahusika. Msinijibu hapa kwamba ni swali moja tu la alama moja. Mtoto wa miaka kumi na mbili alikuwa na jibu sahihi mbele ya majibu manne ya uongo, akakataa kuchagua uongo. Mnajua ni watoto wangapi wanaweza kufanya hivyo?

Na ninyi mlioitazama TVZ enzi hizo, wa Unguja, Pemba, Dar, Tanga, popote, andikeni hapa chini mliona nini, kwa nani, mwaka gani. Mwenye picha ya TV ya nyumbani kwao aiweke. Mwenye mzee aliyefanya kazi Karume House, jengo la TVZ, amuulize leo, asingoje Idi.

Ile karatasi inatakiwa irudishwe skuli Jumatatu ikiwa na saini ya mzazi au mlezi. Iko hapa mezani mbele yangu. Sijaisaini.