Yule mchambuzi wa skafu amemwita baba yangu Agamemnon mbele ya ukumbi mzima!!!

NyarDunga:

Wadau, sijalala na simu inakaribia kuzima, kwa hivyo mtavumilia makosa ya tahajia. Mnamjua. Msiniulize ni nani, mnamjua. Yule wa skafu. Skafu ya sufu, Kisumu hii, na jua hili la kukausha omena kwa dakika kumi. Yule ambaye hakuna mchezo unaoisha hapa mjini bila yeye kunyakua maiki na kutufafanulia kile tulichokuwa tunatazama kwa macho yetu wenyewe.

Basi jana ilikuwa zamu yangu. Tamthilia yangu ya kwanza kupanda jukwaani. Fundi mashua wa Dunga, mzee, macho yameanza kufifia, na bintiye anayefanya kazi Nairobi amerudi kumshikia taa na kusokomeza pamba kwenye nyufa za mbao kabla ya rangi kupakwa. Ndiyo hadithi yote. Wanabishana kuhusu pesa, wanakula, mashua inaingia majini. Watu walicheka pa kuchekea. Kuna mama mmoja nyuma alilia hadi akaazimwa leso. Nikasema asante Mungu, tumefika.

Na safu ya mbele kabisa ameketi baba yangu. Baba yangu wa damu, katoka nyumbani na mama asubuhi na mapema, amevaa lile koti la harusi ya kaka yangu, soda mkononi. Hajawahi kukanyaga ukumbi wa maigizo maishani mwake.

Ndipo skafu ikasimama.

Akasema nyundo si nyundo. Mashua si mashua, ni tumbo la uzazi. Pamba sitasema aliiitaje, kuna watoto humu. Akasema binti amerudi nyumbani kwa sababu hajapata mwanamume wa kufikia kiatu cha babake, na kwa vile mama ametajwa mara moja tu, basi "mwandishi amemuua." Nimemuua! Mama wa watu ameenda Kibuye kununua vitunguu!

Halafu akafika pale fundi anapomwita bintiye "mama." Hapo akafumba macho, akavuta pumzi. "Mmesikia? Mama! Freud angetaka ushahidi gani tena?" Sasa niambieni. Ukumbi umejaa watu wa Nyanza na Magharibi, kila mmoja ana dada au shangazi anayeitwa mama na babake mzazi kwa sababu amepewa jina la nyanyake. Yeye mwenyewe ni wa hapa hapa! Ana dada! Anasimama kutuuzia salamu za nyumbani kama siri iliyochimbuliwa Vienna na huyo Freud wake, daktari wa mambo ya nafsi.

Lakini hayo yote ningeyameza. Wallahi ningeyameza. Akauliza, "Je, mzazi wa mwandishi yupo?" Binamu yangu mmoja, ambaye nitashughulika naye kivyake, akaonyesha. Skafu ikageuka. Akamnyoshea baba yangu kidole. KIDOLE. Akasema, "Mabibi na mabwana, Agamemnon yuko nasi usiku huu."

Na baba, akidhani anatambulishwa kama mgeni wa heshima, AKASIMAMA. AKAPUNGA MKONO.

Watu wakapiga makofi.

Narudia kwa wale wanaosoma mbiombio: alimnyoshea kidole mzee wa watu, na mzee akapunga mkono.

Kwenye matatu kurudi akaniuliza, "Mama, huyo Agamemnon alikuwa mtu wa wapi?" Nikamwambia Ugiriki. "Alikuwa mtu mzuri?" Ungejibu nini wewe? Nikasema alikuwa mkuu wa majeshi. Sasa tangu alfajiri anapigia ndugu zake simu, mmoja mmoja. Mtu aliyemtoa bintiye kafara ili merikebu zipate upepo wa kwenda Troya, akarudi nyumbani mkewe akammalizia bafuni! Hilo ndilo jina alilopewa baba yangu, na amelipokea kwa mikono miwili.

Shemeji_wa_Kondele:

AKAPUNGA MKONO. Nimekufa. Nizikeni Mamboleo.

Otis_254:

Na mama yako alikuwa ameketi wapi?

NyarDunga:

Kando yake. Kwa nini?

Otis_254:

Mzee asiende kuoga peke yake.

MwalimuChaki:

Tuweke mambo sawa. Jina la Electra, binti wa Agamemnon, katika nadharia hizi za binti kumpenda babake kupita kiasi na kumwonea mamake wivu, lililetwa na Jung, mwanasaikolojia mwenzake Freud, mwaka 1913, na Freud alilikataa. Kwa hivyo huyo bwana anapomchanganya Agamemnon na Freud kwenye sentensi moja, anawapatanisha watu waliokosana.

Pili, kama alikuwa anamtafuta Agamemnon wa kwetu, hakuhitaji kumsumbua mzee. Yupo: chifu Labong'o, katika hadithi ya Oganda aliyoiandika Grace Ogot. Mvua imegoma, mganga anasema mtoto apelekwe ziwani kwa lile dude, na ni yule binti mmoja wa pekee aliye kipenzi cha babake. Oganda amewekwa nje, wazee wanajadili ndani, naye anadhani anapangiwa ndoa! Anaanza hata kubahatisha bwana harusi ni nani. Iphigenia naye, yule binti aliyetolewa kafara na Agamemnon, aliitwa Aulis kwa uongo huo huo, kwamba anaenda kuolewa na shujaa Achilles. Baba analia kweli, na bado anamtoa. Hapo ndipo pa kukaa usiku kucha mkizungumza, kwa nini arusi na kifo vimevaa nguo moja. Yeye ameshikilia nyundo.

Tatu, NyarDunga, mchezo wako ulikuwa mrefu.

NyarDunga:

Mwalimu, hata hukuja!

MwalimuChaki:

Nilikuja. Nilitoka kutafuta chai wakati mnasokomeza pamba. Nikarudi bado mnasokomeza.

Mzazi_Section58:

Nyinyi wa Kisumu mnalia mapema. Huku Nakuru tuna wetu, na yeye analipwa mshahara kabisa. Binti yangu amerudi na daftari limeandikwa, "Nora anaugua Electra." Nora wa A Doll's House, ile tamthilia ya Ibsen ya 1879. Sawa, Nora mwenyewe mwishoni anasema babake alimchezea kama mwanasesere kisha mume akaendeleza pale pale. Hilo nalielewa, hata mimi limenichoma kidogo kama baba. Lakini huyo huyo Nora alighushi sahihi ya babake apate mkopo, na tarehe akaweka siku tatu baada ya mzee kufa! Hiyo si Electra. Hiyo ni kesi ya wapelelezi wa DCI.

Shemeji_wa_Kondele:

Marehemu ametia sahihi. Hata huku kwetu mashamba yanauzwa hivyo.

WaTatu_Kakamega:

Nilikuwa nimeapa kulisahau hili. Wa kwetu hakungoja ukumbi. Alipewa nafasi ya kusema kwenye matanga ya BABU YANGU. Marehemu ameacha mabinti watatu, mama yangu na dada zake. Jamaa akafungua na Mfalme Lear wa Shakespeare. Akasema Freud aliandika mwaka 1913 kwamba mabinti watatu wa Lear ni sawa na yale masanduku matatu ya Portia ambayo wachumba wake wanachagua moja, katika mchezo mwingine wa Shakespeare, na kwamba yule wa tatu, Cordelia, aliyenyamaza, ndiye kifo chenyewe. Eti Lear anapoingia amembeba maiti, tugeuze picha: kifo ndicho kimembeba mzee. Jeneza liko hapo. Mabinti watatu wameketi hapo. Kitinda mimba ni mama yangu, na siku hiyo alikuwa hajasema neno tangu asubuhi kwa sababu amepoteza sauti kwa kulia.

Mpaka leo kuna shangazi ambao mama akiwapakulia chakula wanasema wameshiba.

Otis_254:

Alikuwa na skafu?

WaTatu_Kakamega:

Kofia ya kitambaa, ya rangi ya maharagwe.

Otis_254:

Mungu wangu. Wako wawili.

Nyakwar_Ramogi:

Huyo Freud mnayemtetemekea alikuwa na mabinti watatu. Wa mwisho, Anna, alimlaza kwenye kochi na kumchambua mwenyewe, kuanzia 1918, na kwenye barua akawa anamwita Antigone, yule aliyemshika mkono babake kipofu barabarani. Binti ambaye hakuolewa, aliyemuuguza mpaka mwisho. Yaani bwana aliandika habari za nyumbani kwake, sisi tukaambiwa ni zetu.

Msomaji_Milimani:

Mwacheni jamani, angalau anasoma. Mnacheka tu. Chukueni riwaya ya Utengano, Maksuudi anamfungia bintiye Maimuna ndani kama mali ghalani. Chukueni riwaya ya Rosa Mistika, Zakaria anampiga bintiye Rosa kinyama kwa sababu ya barua ya mvulana. Hasira ile yote ni ya nini? Baba wa kawaida anachukia karatasi kiasi kile? Skafu ni mshamba wa kunyosha vidole, nakubali, lakini swali lake si la kipumbavu.

Mzazi_Section58:

Zakaria ni pombe.

Msomaji_Milimani:

Kila mlevi hapigi binti kwa barua.

NyarDunga:

Msomaji, wewe ndiye skafu? Jibu moja tu. Hili si darasa. MTU AMEMNYOSHEA BABA YANGU KIDOLE.

Msomaji_Milimani:

Mimi si yeye. Nilikuwa safu ya tatu. Na kwa ukweli mzee alipunga vizuri sana, kama mheshimiwa.

Otis_254:

Dada, samahani, swali la kizembe. Baba yako ni fundi wa nini?

NyarDunga:

Baiskeli.

Otis_254:

Hahahahaha.

NyarDunga:

BAISKELI. Haina mbao! Haina pamba! Ni kazi tofauti kabisa!

Shemeji_wa_Kondele:

Skafu akisikia kuna pampu, tumekwisha.

Spika_na_Viti_Hire:

Ndugu zangu, nimefurahi kuona wahusika wote wako hapa. Mimi ndiye niliyekodisha vyombo jana. Maiki moja imerudi imelowa. Huyo mtu wenu wa skafu anaongea nayo ndani ya mdomo. Nani atalipa?

Nyakwar_Ramogi:

Wewe kwanza turudishie pesa. Maiki ilikuwa inapiga kelele mpaka Nyalenda. Nusu ya maneno yake hatukuyasikia.

NyarDunga:

Mimi niliyasikia yote!!

Spika_na_Viti_Hire:

Kelele ni kwa sababu mlisogeza spika karibu na jukwaa, na niliwakataza. Pia kuna viti vimepotea. Vya bluu.

WaTatu_Kakamega:

Viti vya bluu? Hata kwenye matanga yetu vilipotea vya bluu. Wewe ndiye uliyetuletea na ukatulipisha vyote?

Mzazi_Section58:

Nakuru hapa kiti cha plastiki siku hizi ukikipoteza unalipishwa bei ya sofa.

NyarDunga:

Jameni turudi kwenye mada. Baba sasa hivi amepiga simu, anataka nimwandikie lile jina kwenye karatasi vizuri aende nalo kanisani Jumapili. Nifanye nini?

Spika_na_Viti_Hire:

WaTatu, vile vyenu vilikuwa vya kijani, niko na risiti. Nitumie namba kwa faragha.

WaTatu_Kakamega:

Vilikuwa bluu. Nina picha, mama yangu amekalia kimoja.